Stelingi kaondoka, picha inaendelea: kisa cha Charlie Chan, Mr. Moto na ulingo wa ngumi

Januari 1938, kwenye studio za 20th Century-Fox mjini Los Angeles, ilianza kupigwa picha ya upelelezi iliyopewa jina la Charlie Chan at the Ringside. Vitu vyote vilikuwa tayari: ulingo wa ngumi, mabondia, watuhumiwa, ofisa wa polisi, mwongozaji James Tinling, na nyota mwenyewe, Warner Oland, ambaye tangu 1931 ndiye aliyekuwa Charlie Chan, mpelelezi wa Kichina wa Honolulu, machoni pa watazamaji. Wiki moja hivi baada ya kazi kuanza, Oland akaondoka zake. Akabembelezwa, wakajaribu tena, ikashindikana tena. Mwishowe studio ikanyoosha mikono, picha ikafutwa.

Ikafutwa jina tu, lakini. Mwaka uleule ikatoka picha yenye ulingo wa ngumi, chini ya mwongozaji yuleyule, ikiitwa Mr. Moto's Gamble. Safari hii stelingi alikuwa Peter Lorre, na alicheza mpelelezi mwingine kabisa, Mjapani Bwana Moto, kutoka mfululizo mwingine wa studio hiyohiyo. Na tazama nani kakaa darasani mbele ya Bwana Moto akisomea upelelezi: Lee Chan, mtoto wa kwanza wa Charlie Chan.

Ukiuliza kwa nini mamilioni ya watu walirudi mwaka hadi mwaka kutazama picha hizi za wapelelezi, kila mtu ana jibu lake: fumbo, mpelelezi mwenye akili, mavazi, moshi na vivuli. Majibu hayo ni vigumu kuyapima. Kisa cha 1938 kinatupa kipimo, maana hapa studio ilimng'oa mpelelezi katikati ya hadithi ikampachika mwingine, kisha ikawauzia watu. Tunaweza kukaa mbele ya picha hiyo tukaona kipi kilisimama vilevile na kipi kiliyumba.

Tuanze na huyo aliyeondoka. Warner Oland alizaliwa Sweden mwaka 1879, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto. Hollywood ilimwona ana sura inayoweza kupita kama ya Mwasia, na kabla ya Chan alikuwa amecheza Fu Manchu, yule adui wa Kichina aliyebuniwa kuwatisha Wazungu. Charlie Chan alikuja kuwa kinyume chake. Mtunzi Earl Derr Biggers alimwingiza kwenye riwaya mwaka 1925: ofisa wa polisi wa Honolulu, mnene, mpole, mwenye adabu iliyopitiliza, ambaye watu humdharau mwanzoni na kumshukuru mwishoni. Honolulu halisi ilikuwa na mpelelezi maarufu mwenye asili ya Kichina, Chang Apana, ambaye jina lake hutajwa kila panapozungumziwa chimbuko la Chan. Picha moja ya 1931 ilipopigwa hukohuko Hawaii, Apana alifika kuwatazama wakifanya kazi.

Oland alicheza Chan mara 16. Nne kati ya hizo zimepotea, hazionekani tena popote. Zilizobaki zinatosha kuonyesha alichokuwa akikifanya. Anazungumza polepole, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Hapigi mtu, na kukimbia kwake ni nadra. Ana methali kwa kila tukio, nyingi zikiwa zimetungwa na waandishi wa studio na si wahenga wowote wa China, na kwetu sisi tuliolelewa kwa methali na vitendawili, utamu wa kuisubiri ile inayofuata tunaujua. Mwisho wa picha huwakusanya watuhumiwa wote chumba kimoja, anapitia ushahidi kipande baada ya kipande, kisha anamgeukia mmoja na kumwambia kuwa yeye ndiye muuaji.

Mwaka 1935, kwenye Charlie Chan in Paris, akaongezwa mtoto wake. Lee Chan alichezwa na Keye Luke, kijana aliyezaliwa Guangzhou na kukulia Seattle, mchoraji kwa kazi yake, ambaye kabla ya kuonekana kwenye skrini alikuwa akichora matangazo ya picha za sinema. Lee ni Mmarekani wa kileo: suti kali, maneno ya mtaani, haraka nyingi, na anajiona mpelelezi kuliko baba yake. Anakurupuka, anakamata asiye na hatia, anajifungia mlango mwenyewe. Baba anatazama, anavuta pumzi, anatoa methali. Mwaka uliofuata, kwenye picha ya sarakasi, Chan aliingia kwenye hema na mkewe na watoto 12, msururu mzima. Kwenye ile ya Olimpiki ya Berlin, 1937, Lee ni muogeleaji wa timu ya Marekani na anatekwa na majasusi, na kwa mara ya kwanza tunaona yule mzee mtulivu akiwa mzazi mwenye hofu. Nani aliiba nini katika picha hiyo wengi tunasahau. Uso wa Oland anapogundua mwanawe hayupo hausahauliki.

Hapa inabidi tuingie kidogo kwenye hesabu za biashara, kwa sababu bila hizo huwezi kuelewa kwa nini Fox haikuitupa kapuni picha iliyokosa stelingi. Miaka ya mdororo wa uchumi, majumba ya sinema ya Marekani yaliwavuta watu kwa kuwapa picha mbili kwa tiketi moja. Ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye nyota na bajeti. Ya pili, picha B, ilikuwa fupi, dakika 60 hadi 75, ya gharama ndogo. Kwa picha kubwa, studio na mwenye ukumbi waligawana mapato ya mlangoni. Picha B ilikodishwa kwa bei moja iliyopangwa, ijae ukumbi isijae. Kwa hiyo studio ilijua mapema ingeingiza kiasi gani, na faida yote ilitegemea kubana ratiba. Ulingo ukishajengwa na mabondia wakishalipwa, kila siku ya kusimama ni hasara isiyo na pa kufidiwa. Wenye kumbi nao walikuwa wameshaahidiwa idadi fulani ya picha kwa msimu, wanazisubiri.

Mfululizo ulikuwa dawa ya shida hizo zote. Mhusika ameshazoeleka, hakuna haja ya kumtambulisha. Waandishi wanajua mwanzo, kati na mwisho, kinachobadilika ni mahali: London, Paris, Misri, Shanghai, sarakasi, opera, mbio za farasi. Idara ya picha B pale Fox, chini ya Sol Wurtzel, ilizitoa Chan tatu au nne kwa mwaka, na mwaka 1937 ikaongeza mfululizo wa pili. Huyo ndiye Bwana Moto.

Moto alitoka kwenye riwaya za John P. Marquand, zilizoanza 1935. Ukimweka kando ya Chan, utadhani aliandikwa makusudi awe kinyume chake. Ni mdogo wa umbo, ana miwani na tabasamu la mtu anayeomba radhi, halafu ghafla anakutupa chini kwa jujitsu. Anajibadilisha sura na mavazi. Anaua. Katika Think Fast, Mr. Moto anamtupa mtu baharini kutoka kwenye meli, na haonekani kujuta. Katika Thank You, Mr. Moto tunamkuta jangwani kwenye msafara wa ngamia, usiku anavamiwa hemani, anamuua mvamizi na kumfukia mchangani, safari inaendelea. Anayemcheza, Peter Lorre, alizaliwa Austria-Hungaria, akapata jina Ujerumani mwaka 1931 kwa kumcheza muuaji wa watoto, akawakimbia Wanazi mwaka 1933. Macho yake yale makubwa yanaweza kumfanya mtazamaji amwonee huruma na kumwogopa kwa wakati mmoja. Chan hana kitu hicho, na hakihitaji.

Sasa mchukue mtu huyo umvishe suti iliyoshonwa kwa ajili ya Oland.

Mr. Moto's Gamble inaanza darasani. Bwana Moto ni mwalimu wa sayansi ya upelelezi, na miongoni mwa wanafunzi wake yumo Lee Chan. Yumo pia Wellington, pande la mtu mwenye ugonjwa wa kuiba: vitu vya watu vinajikuta mfukoni mwake bila yeye kujua. Aliyemcheza ni Maxie Rosenbloom, ambaye ulingoni kwa kweli alikuwa bingwa wa dunia wa uzani wa light heavyweight hadi 1934. Usiku Moto anakwenda kutazama ngumi pamoja na Luteni Riggs wa polisi. Mabondia wawili wanagombea nafasi ya kukutana na bingwa. Mmoja, Stanton, anapigwa, anaanguka, na haamki. Kila mtu anadhani ni ajali ya ulingoni. Moto anagundua sumu: ilikuwa kwenye glavu ya mpinzani, ikaingia mwilini kupitia jeraha la juu ya jicho. Kumbe kuna madau makubwa yaliyowekwa dhidi ya marehemu. Kuanzia hapo ni msako wa nani kafaidika, na mtego wa mwisho unategwa palepale kwenye ngumi, umati ukiwa umejaa. Muuaji simtaji, bado kuna watu hawajaiona.

Itazame kama fundi cherehani anavyotazama nguo iliyopunguzwa, na mishono inajionyesha yenyewe. Kiunzi cha fumbo hakikuguswa, na hakikuhitaji kuguswa. Mauaji mbele ya umati, watuhumiwa sita au saba wenye sababu nzuri, ofisa wa polisi mwenye haraka ya kumkamata wa kwanza anayemwona, mtego wa mwisho: hayo yote ni ya Chan, na Moto anayatumia bila shida yoyote. Hata ofisa mwenyewe ni sura ya nyumbani. Harold Huber, anayemcheza Riggs, alikuwa polisi wa New York kwenye Charlie Chan on Broadway na polisi wa Monaco kwenye Charlie Chan at Monte Carlo, picha mbili za mwaka mmoja kabla. Ukumbi mzima ulimjua, na hakuna aliyelalamika kuwa jana alikuwa na lafudhi ya Kifaransa.

Mshono wa pili uko kwa Moto mwenyewe. Yule mwuaji wa jangwani hayupo. Anazungumza, anachunguza, anawahoji watu, anatabasamu, na anapigana kidogo mno kuliko kawaida yake. Mpelelezi aliyejulikana kwa mikono yake amewekwa kwenye picha ya ngumi, na kazi yake kubwa ni kukaa kwenye kiti akiwatazama wengine wakipigana! Lorre anaibeba kwa ustadi, kwa kweli ni moja ya picha za Moto zinazokwenda kwa wepesi zaidi, lakini anayeonekana pale ni Moto aliyefugwa.

Mshono wa tatu ndio unaonishughulisha zaidi, nao ni Lee. Studio ingeweza kumwondoa kirahisi, kwani hadithi haimhitaji hata kidogo. Ukimtoa, sumu inagundulika vilevile. Ila walimbakiza, wakatunga darasa zima ili awe na sababu ya kuwepo. Ni dalili kwamba walijua mtoto huyu ana thamani kuliko dondoo yoyote ya ushahidi. Lakini alipofika upande wa pili alikuta kiti kitupu. Lee anapokosea mbele ya Chan, kuna baba aliyeaibika, anayempenda, anayejizuia asicheke. Anapokosea mbele ya Moto, kuna mwalimu mwenye adabu. Mwalimu humsahihisha mwanafunzi na habari inaishia hapo. Kwa hiyo vichekesho vikahamia kwa Wellington na mifuko yake, Lee akawa nusu ya jozi ya wachekeshaji wawili wanaozunguka pembeni ya kesi. Anachekesha, hilo nakubali. Lakini ukitoka hapo ukatazama Monte Carlo, ambapo baba na mwana wamekwama njiani na Lee anajaribu kuwasemea wote wawili kwa Kifaransa cha kuungaunga, unaona mara moja kilichobaki nyuma Oland alipoondoka.

Basi hilo ndilo jibu ninalolisoma kwenye kisa hiki. Fumbo lilihamishika, mpelelezi pia, kwa gharama fulani. Kilichokataa kuhama ni uhusiano. Watu walikuwa wakilipa tiketi kumtazama mtu fulani akiwa na mtu wake, kwa namna wanayoijua, na maiti ilikuwa kisingizio cha kuwakutanisha tena. Wasomaji wa Kiswahili wanaomfahamu Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hawatashangaa: rafiki yake Najum akiondolewa, kiko na mafumbo vinabaki, lakini hadithi zinakuwa nyingine.

Upo ushahidi wa upande wa pili pia. Miaka minne baadaye studio ya RKO ilikutwa na shida kama hiyo: George Sanders alichoka kucheza mpelelezi aitwaye Falcon. Wao hawakumficha wala kubadilisha jina la picha. Walimtafuta kaka yake wa kuzaliwa, Tom Conway, na kwenye The Falcon's Brother ya 1942 wakawaweka wote wawili skrini moja, Falcon akauawa, kaka yake akaipokea kazi. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna kanuni yetu kwamba stelingi hafi. RKO waliivunja, na mfululizo ukaendelea kwa miaka bila kuyumba, kwa sababu waliwapa watazamaji udugu wa kushika badala ya pengo. Fox kwenye Gamble walikuwa na mtoto bila baba, na hawakusema neno kuhusu kwa nini baba hayupo.

Kuna jambo halipaswi kurukwa. Chan alichezwa na Msweden, Moto na mzaliwa wa Austria-Hungaria, na hii haikuwa bahati mbaya. Hollywood ya wakati ule ilikuwa nadra sana kumpa Mwasia nafasi ya juu kwenye picha ya namna hii. Oland alipozuru China mwaka 1936 alipokewa kwa furaha, kwa kuwa baada ya Fu Manchu angalau huyu alikuwa Mchina mwenye akili na heshima, na watengenezaji wa kule wakapiga picha zao wenyewe za Charlie Chan, naye akachezwa na Mchina. Hilo halifuti kinachokera ukizitazama leo: Kiingereza cha kukatwakatwa ambacho Chan analazimishwa kuongea, huku mwanawe akikimwaga kama maji. Na ukirudi kwenye kisa chetu, unakuta kinaya. Katika watu wote wa Ringside, mtu aliyeunganisha mifululizo miwili, ambaye studio haikuthubutu kumwacha, alikuwa Keye Luke, Mchina halisi.

Oland alikuwa mgonjwa wa pombe, na ndoa yake ya miaka mingi ilikuwa imevunjika. Baada ya sakata la Januari alisafiri kwenda Sweden, nchi aliyoiacha utotoni. Alifariki Stockholm tarehe 6 Agosti 1938, kwa nimonia, akiwa na miaka 58.

Fox iliwajaribu waigizaji wengi, na mwezi Oktoba ikamtangaza Sidney Toler, Mmarekani mwenye asili ya Uskoti. Keye Luke hakuendelea naye. Ukitazama picha ya kwanza ya Toler, Charlie Chan in Honolulu, utaona wamejifunza kitu: inaanza na familia, jamaa wote wakisubiri mjukuu wa kwanza wa Charlie azaliwe, na kijana mpya, Jimmy, aliyechezwa na Victor Sen Yung, anaingizwa ndani ya dakika chache kuwa mtoto wa pili mwenye papara zilezile. Baba mpya hakuachwa bila mtoto hata kwa picha moja. Toler alidumu na Chan hadi kifo chake mwaka 1947, kwanza Fox, kisha kwenye studio ndogo ya Monogram ambako fedha zilikuwa haba na mandhari yake yanakuonyesha hivyo. Mr. Moto hakufika mbali kiasi hicho. Picha yake ya nane na ya mwisho ya enzi hiyo ilitoka 1939, wakati Wamarekani walipokuwa wakiitazama Japani kwa jicho baya.

Baada ya Toler alikuja Roland Winters, aliyezaliwa Novemba 1904. Mwaka 1948 Monogram, ikiwa inatapatapa, ilimrudisha Keye Luke kuwa Lee Chan kwa picha mbili za mwisho za mfululizo. Luke alizaliwa Juni 1904. Kwa hiyo mtoto alikuwa amemzidi baba yake miezi mitano, na bado akiwa kwenye skrini anamwita "Pop", na Winters anamjibu kama mzee anayejibu kijana wake.